Miaka 200 na ushei juu ya Kilima cha Nyoka

Mpima ardhi wa Tanzania, Kenya au Uganda akikunjua ramani ya 1:50,000 mezani, pembezoni mwa karatasi hukuta maandishi madogo yanayotaja Arc na mwaka 1960. Wengi huyapita kama mtu apitavyo jina la kiwanda lililoandikwa chini ya sahani. Lakini ukitaka namba za GPS yako ya mkononi zilingane na za ramani hiyo, huna budi kukiambia kifaa kwanza kwamba kitumie Arc 1960. Arc ni tao, na tao lenyewe ni mlolongo wa vipimo uliopandishwa kilima kwa kilima kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Aliyeshika bango la kutaka tao hilo lipimwe alikuwa fundi saa kutoka Scotland, na alilishika akiwa juu ya kilima kifupi cha Cape Town, katikati ya mito ya Liesbeek na Black, mahali ambapo Waholanzi walipaita Slangkop, yaani Kilima cha Nyoka.

Juu ya kilima hicho ndipo kilipo kituo cha falaki cha Cape, taasisi kongwe kuliko zote za kazi hiyo kusini mwa ikweta ambazo hadi leo zinafanya kazi. Nasema falaki makusudi. Ukisema unajimu, nusu ya wasomaji watadhani kuna mtu anapigiwa ramli.

Mtaa mzima umechukua jina la kituo. Unaitwa Observatory, na stesheni yake ya treni hivyo hivyo, ila wenyeji wamechoka kulitamka jina lote na husema Obs. Ukishaingia getini, kelele za barabara kubwa zinabaki nyuma, unakutana na miti, majani yaliyokatwa vizuri, makuba ya rangi nyeupe yaliyotawanyika kama vyungu vilivyofunikwa, na jengo kuu lenye nguzo za Kigiriki ambazo hakuna aliyezitarajia mahali kama hapa. Mbele ya jengo hilo kuna kaburi. Tutalirudia.

Ardhi hii ilikuwa na wenyewe kabla ya darubini yoyote. Wakhoikhoi walilisha ng'ombe kando ya mito hii, na mwaka 1510, ufukoni mwa Ghuba ya Table, si mbali na hapa, walimuua Francisco de Almeida pamoja na makumi ya watu wake. Msomaji wa pwani analijua jina hilo hata kama amelisahau: ndiye aliyeipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Mpaka leo wazawa wa Wakhoikhoi wanalihesabu bonde hili kuwa la mababu zao, na ugomvi juu ya kujenga majengo makubwa ya ofisi jirani na kituo umefikishwa mahakamani miaka ya karibuni.

Kituo kilianzishwa kwa amri ya Mfalme George IV tarehe 20 Oktoba 1820, chini ya Wizara ya Bahari ya Uingereza. Hapo ndipo ilipo siri yake. Hakikujengwa kwa sababu mtu alizipenda nyota. Kilijengwa kwa sababu ya meli. Waingereza walikuwa wameinyakua Rasi, yaani Cape, mwaka 1806, na kila chombo kilichokwenda India kilipita hapo kuchota maji na kununua nyama. Nahodha aliye katikati ya bahari alihitaji vitu viwili ili ajue yuko wapi: orodha sahihi ya mahali zilipo nyota, na saa isiyodanganya. Dunia huzunguka nyuzi moja kila dakika nne. Saa ikikosea dakika moja tu, kwenye ikweta nahodha anajidanganya kwa kilomita 28 hivi, na kilomita 28 zinatosha kabisa kuigonganisha meli na mwamba. Orodha za nyota za kaskazini zilikuwepo Greenwich. Za kusini zilikuwa hafifu. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille ndiye aliyezifanyia kazi kubwa miaka ya 1751 hadi 1753, akiwa Cape Town na darubini ndogo kama fimbo, akazihesabu nyota karibu 10,000. Alivutiwa mno na Mlima wa Table hata akaupa kundi la nyota angani, Mensa, meza.

Mwanafalaki wa kwanza aliyetumwa alikuwa Fearon Fallows, mtoto wa mfuma nguo wa Cockermouth, kaskazini mwa Uingereza, aliyepanda kwa akili zake hadi Cambridge. Alifika Cape Town Agosti 1821 na kukuta hakuna jengo wala kiwanja. Akachagua kilima hiki kwa sababu kilionekana kutoka bandarini na kilikuwa mbali na vumbi la mji. Ujenzi ulianza mwaka 1825 na jengo kuu likakamilika mwaka 1828: miaka saba ya kusubiri barua kutoka London.

Baada ya hapo mambo hayakumwendea vizuri. Chombo chake kikubwa cha kupimia kimo cha nyota, duara la shaba lililofungwa ukutani, kilitoa majibu yasiyokubaliana, na Fallows alihangaika nacho bila kuupata ugonjwa wake. Wasaidizi wakaondoka. Watoto wake wakafa mmoja mmoja. Aliyebaki kumshika mkono ni mkewe, Mary Anne, ambaye alijifunza kusoma chombo kimoja wakati mumewe akiangalia kwenye kingine, usiku baada ya usiku. Katika historia nyingi za kituo hiki mama huyo hupewa sentensi moja. Mimi naona kwa muda fulani yeye ndiye aliyekuwa nusu ya watumishi wote wa taasisi.

Fallows alikufa Julai 1831, mwenye umri wa miaka 43, baada ya homa iliyomkuta tayari amedhoofika. Kaburi lake lilichongwa ndani ya mwamba mbele ya mlango wa jengo alilolisimamia. Kila mkuu aliyemfuata alipita hapo kila asubuhi akienda kazini.

Aliyemfuata mara moja hakupita mara nyingi. Thomas Henderson, karani wa mawakili kutoka Dundee, alifika mwaka 1832, akapachukia mahali pale, akapaita kinamasi cha huzuni, na baada ya miezi 13 hivi akafunga virago. Lakini alikuwa mpimaji hodari, na katika muda huo mfupi alikusanya vipimo vya nyota moja angavu ya kusini, Alfa Centauri. Sisi wa Afrika Mashariki tunaiona bila shida jioni za Mei na Juni: ni ile yenye mwanga zaidi kati ya mbili zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Nyumbani Scotland, Henderson alipokaa kuzifanyia hesabu zile namba, alikuta nyota hiyo inayumba kidogo kadiri Dunia inavyolizunguka Jua. Inua kidole mbele ya uso, fumba jicho la kushoto, kisha la kulia: kidole kinahama. Nyota iliyohama hivyo inaweza kupimwa umbali. Kwa maneno mengine, alikuwa na umbali wa nyota mkononi, jambo ambalo watu walilitafuta kwa mamia ya miaka bila kulipata. Akasita. Akataka kuhakikisha. Mjerumani Friedrich Bessel akatangaza umbali wa nyota nyingine mwaka 1838, na Henderson akatangaza yake Januari 1839, miezi michache baadaye. Alfa Centauri, tunajua sasa, iko umbali ambao mwanga huchukua miaka minne na ushei kuukata, na kundi lake ndilo jirani yetu wa karibu zaidi baada ya Jua. Karani aliyekichukia kilima ndiye aliyekipa kituo jina kwanza, na sifa ya kuwa wa kwanza ikamponyoka.

Mtu wa tatu alikuja Januari 1834 na mke, watoto, na nia ya kukaa. Thomas Maclear alikuwa daktari aliyeipenda falaki kuliko wagonjwa, na alikaa kazini miaka 36. Kazi yake iliyomchosha zaidi ilikuwa kuondoa aibu aliyoiacha Lacaille. Yule Mfaransa, pamoja na nyota zake, alikuwa amepima pia kipande cha ardhi kuelekea kaskazini ili kujua umbo la Dunia, na jibu lake lilionyesha kwamba Dunia imechongoka upande wa kusini kama pea. Maclear akaanza upya, akarefusha mstari, akalala kwenye mahema kwa miaka. Kosa lilipopatikana, halikuwa la Lacaille hata kidogo. Lilikuwa la timazi. Fundi mwashi yeyote hutegemea timazi ielekee chini moja kwa moja, lakini mlima mkubwa huivuta kidogo upande wake. Lacaille alikuwa ametundika timazi yake karibu na Mlima wa Table upande mmoja na milima ya Piketberg upande mwingine. Dunia ikarudishiwa umbo lake, na jina la Maclear likabaki kwenye bikoni ya mawe juu ya kilele cha Mlima wa Table, mita 1,086 kutoka usawa wa bahari, ambapo watalii hupigia picha bila kujua ni ya nini.

Huku nyuma, bandari nayo ilikuwa inadai chake. Mwaka 1836 kituo kilisimika tufe juu ya mlingoti, likawa linaachiwa lianguke kwa wakati maalumu, na manahodha waliotia nanga ghubani wakalitazama kwa darubini na kurekebisha kronomita zao. Tarehe 4 Agosti 1864 mzinga wa mjini ulilipuliwa kwa mara ya kwanza na umeme uliotoka kwenye saa ya kituo kwa waya wa simu. Mzinga huo ulihamishiwa Signal Hill mwaka 1902 na bado unalia kila siku ya kazi saa sita kamili mchana, ishara ikitoka kule kule kilimani. Watu wa mji hurekebisha saa, wageni huruka. Kwetu Dar es Salaam na Nairobi huwa saa saba wakati huo. Na ukiuliza Jua lenyewe, litakuambia saa sita bado: Cape Town huifuata saa ya eneo zima la kusini, iliyowekwa saa mbili mbele ya Greenwich mwaka 1903, na kwa wastani Jua hufika utosini zaidi ya dakika 45 baada ya mzinga. Waswahili, ambao saa zetu tunaanza kuzihesabu Jua linapochomoza, tungeliona hilo mapema.

Maclear ndiye anayekiunganisha kituo na njia za misafara ya kwetu. Mwaka 1852 David Livingstone alishuka Cape Town kuisafirisha familia yake Uingereza, na katika miezi ile Maclear alimfundisha kutumia sekstanti na kuupata usahihi wa longitudo kwa mwezi na nyota. Urafiki ukadumu. Livingstone alituma vipimo vyake Cape, na Maclear pamoja na msaidizi wake William Mann wakavifanyia hesabu kwa kalamu na karatasi mpaka vikawa mahali kwenye ramani. Kwa hiyo sehemu ya mito na maziwa ya katikati ya Afrika ilitua kwenye ramani za Ulaya baada ya kupita juu ya meza ya Kilima cha Nyoka. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili hadi Bagamoyo, na pamoja nao daftari na vyombo vya kupimia. Vyombo vingi vilichukuliwa njiani, Unyanyembe, na msafara wa Luteni Cameron, aliyevihitaji kwa safari yake mwenyewe. Daftari zikafika. Ni watu wangapi waliobeba, kwa miaka yote hiyo, masanduku yenye kronomita zisizotakiwa kutikiswa? Vitabu vya falaki vina nafasi ya jina la kila nyota, lakini wapagazi wamepita humo bila majina.

Maclear alipofuka mwaka 1876 na kufariki miaka mitatu baadaye. Naye amezikwa uwanjani, pembeni ya mkewe.

Mkuu aliyekuja kati yake na yule fundi saa wa Scotland, Edward Stone, alimaliza orodha ya nyota na kurudi Uingereza. Kisha, mwaka 1879, akaingia David Gill.

Gill alikuwa ameirithi biashara ya saa ya baba yake huko Aberdeen, na akaiacha. Nadhani hapo ndipo kituo kilipompata mtu aliyekifaa kuliko wote, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa ile ile ya fundi saa: kutafuta kosa dogo hadi lijitokeze. Jua liko mbali kiasi gani? Gill alilijibu swali hilo kwa kuvipima visayari vidogo vya Iris, Victoria na Sappho, na thamani aliyoipata ikatumika katika majedwali ya kimataifa kwa zaidi ya nusu karne. Septemba 1882 ikatokea nyota yenye mkia iliyong'aa hata mchana. Gill hakuwa na kamera. Akamwita mpiga picha wa mtaa wa jirani wa Mowbray, bwana Allis, wakaifunga kamera yake ya picha za watu kwenye darubini ya kituo, wakaiacha ifuate anga. Picha zilipooshwa, ile nyota yenye mkia ilikuwa nzuri, lakini Gill aliitazama dakika chache tu. Alichokiona ni nyota za nyuma yake, nyingi mno, zimejichora zenyewe bila mtu kuzihesabu kwa jicho.

Kutoka hapo ikazaliwa kazi ya kulipiga picha anga lote la kusini. Gill alipiga, na Jacobus Kapteyn wa Groningen, Uholanzi, ambaye hakuwa na darubini ya maana chuoni kwake, akajitolea kuzipima sahani za picha. Ilimchukua miaka. Orodha iliyochapwa kati ya 1896 na 1900 ina nyota 454,875. Mwaka 1897 kituo kikapokea zawadi ya darubini kubwa kutoka kwa tajiri Frank McClean, ikiwa na lenzi ya inchi 24, ndani ya kuba lililochorwa na Herbert Baker, msanifu yule yule aliyechora Ikulu ya Nairobi. Sakafu ya kuba hilo hupanda na kushuka kwa nguvu ya maji, ili mtazamaji asipande ngazi gizani. Kama una nafasi ya kuona kitu kimoja tu kituoni, omba uoneshwe sakafu hiyo.

Sasa tao. Tangu alipowasili, Gill alitaka mstari wa vipimo uvuke Afrika nzima kwa kuifuata longitudo ya 30 mashariki, kupitia Tanganyika na Uganda, hadi Misri. Waya wa simu wa baharini uliowekwa mwaka 1879 kutoka Durban kupitia Msumbiji na Zanzibar hadi Aden tayari ulikuwa umemwezesha kuifunga saa ya Cape na ya Greenwich. Ardhi ilikuwa ngumu zaidi. Vita vikazuia, fedha zikakatika, mipaka ya wakoloni ikagombaniwa. Kipande cha Uganda kilipimwa mwaka 1908 na 1909. Gill alikufa mwaka 1914 bila kuuona mwisho. Kipande cha Tanganyika kilimngoja Martin Hotine, aliyekipima kati ya 1931 na 1933, na pengo la mwisho likazibwa mwaka 1954, miaka 75 baada ya wazo. Hesabu zake zilipopangwa upya ndipo likapatikana lile jina dogo pembezoni mwa ramani zetu. Shamba lililopimwa kwa vipimo hivyo huko Kigoma au Mbarara, kwa hiyo, lina nasaba inayofika kilimani hapa.

Baada ya Gill kituo kiliishi kwa heshima kuliko kwa ugunduzi. Alan Cousins, mhandisi wa umeme wa Natal aliyeipenda falaki kama burudani, alijiunga mwaka 1947 na kuweka vipimo vya mwangaza wa nyota ambavyo wanafalaki wa dunia bado wanavitumia kama mizani. Lakini taa za mji zilikuwa zinazidi, na jambo la ajabu ni kwamba Afrika Kusini ilipokuwa jamhuri mwaka 1961, kilima hiki kiliendelea kuwa mali ya London kwa miaka mingine kumi. Januari 1972 kiliunganishwa na kituo cha Johannesburg kuunda taasisi ya taifa ya falaki, na darubini zikahamishiwa Sutherland, jangwa la Karoo, umbali wa kilomita 370 hivi, ambako usiku bado ni usiku. Huko ndiko ilipo SALT, darubini yenye kioo cha vipande 91, iliyozinduliwa na Rais Thabo Mbeki Novemba 2005. Makao makuu yamebaki Cape Town, mafundi na maktaba pia. Jubilei ya miaka 200, Oktoba 2020, iliangukia katikati ya korona. Miaka miwili kabla, kilima kilikuwa kimetangazwa urithi wa taifa.

Umma hukaribishwa usiku wa Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi: mhadhara kwanza, kisha darubini kama mawingu hayapo. Hakikisha kabla ya kwenda, na uchukue koti hata wakati wa kiangazi, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki hauna adabu. Fika kabla ya giza ili ulione kaburi la Fallows.

Tao la Struve, linaloshuka kutoka Norway hadi Bahari Nyeusi, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2005, nchi kumi zikishirikiana. Letu ni refu zaidi na halina kibao. Ukipanda mlima wowote magharibi mwa Tanzania au Uganda ukakuta bikoni kuukuu imesimama juu ya kilele, na mtu anakuambia chini yake kuna hazina ya Wajerumani, usimsaidie kuchimba. Iache isimame.